Mafuta Mekundu Chini ya Motokari



Asubuhi unatoka nyumbani. Motokari imelala uani tangu jana jioni. Karibu na gurudumu la mbele unaona doa jekundu juu ya mchanga, kubwa kama kiganja. Unaligusa kwa kidole, linateleza. Unasema moyoni: "Si kitu. Volani bado inakata." Unawasha mota, unaondoka.

Somo letu la leo ni juu ya neno hilo dogo, "bado". Shofere aliyelisema anaweza kufika salama leo, na kesho pia. Lakini siku ya tatu njia itamwomba akate kwa nguvu na kwa haraka, na siku hiyo "bado" itakuwa imekwisha.

NJIA YETU

Tuchukue mfano wa njia kuu nambari 5, kutoka Uvira kwenda Baraka. Watu wengi wanaopeleka vyakula, mazuti na vyombo kwenye machimbo ya zahabu ya Misisi huipita. Ukienda kusini, ziwa Tanganyika liko mkono wako wa kushoto, na milima iko mkono wako wa kulia. Mito inashuka kutoka milimani na kukatiza njia kabla ya kuingia ziwani. Wakati wa mvua inakuja na mawe na matope, na gurudumu linatafuta mahali pa kupita.

Katika njia hiyo utafika Lusenda. Tangu mwaka 2013 hapo pana kambi ya wakimbizi waliotoka Burundi. Kwa hiyo watu ni wengi kuliko zamani. Mama anabeba mihogo kichwani, kijana anasukuma baisikeli yenye mizigo, watoto wanatoka shule, pikipiki inatokea ghafula kati ya nyumba mbili. Wote wanatembea kwa miguu kando ya njia ileile unayopita wewe na kamio yenye tani kadhaa.

Mahali kama hapo shofere hana nafasi ya kukosea. Mtoto akikimbilia mpira, una nukta moja au mbili za kukata volani. Je, mikono yako itaweza?

MSAADA UNATOKA WAPI?

Zamani shofere alikata kwa nguvu za mabega yake tu. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza motokari za kawaida zenye usukani unaosaidiwa na mafuta. Leo karibu kila motokari na kila kamio ina msaada wa namna fulani. Katika motokari nyingine mpya msaada huo ni wa umeme, nazo hazina mafuta haya. Lakini zile nyingi tunazoziona katika njia zetu bado zinatumia mafuta.

Kazi yake ni hii. Karibu na mota kuna pompa ndogo. Mara nyingi inazungushwa na mkanda, ule mafundi wetu wanaouita kurua. Pompa inavuta mafuta kutoka kopo lake, inayasukuma kwa presha kubwa ndani ya tiyo ngumu mpaka kwenye sanduku la direksio. Ukigusa volani, mafuta yanasukuma upande unaoutaka. Kisha yanarudi kwenye kopo kwa tiyo nyingine, ya presha ndogo. Hivyo yanazunguka siku nzima.

Fikiri juu ya presha hiyo. Mpira wa motokari ndogo una bari 2 au 3. Ndani ya tiyo ya direksio, unapokata kona kali, presha inaweza kupita bari 70, na kwa kamio inaweza kupita 100. Tiyo iliyozeeka kwa joto na vumbi, au iliyosuguana na chuma, haiwezi kuvumilia siku zote. Inaanza kutoa jasho, kisha tone, kisha siku moja inapasuka.

HESABU YA TONE

Watu wanadharau tone. Hebu tupige hesabu pamoja.

Matone 20 hivi yanajaza mililita 1. Tone 1 kila nukta ni matone 60 kwa dakika, yaani mililita 3. Kwa saa moja ni mililita 180. Motokari ndogo ina karibu lita 1 tu ya mafuta ya direksio, na sehemu kubwa iko ndani ya tiyo na sanduku. Kopo lenyewe lina kidogo. Basi kwa muda wa saa mbili au tatu kopo limekauka. Pompa inaanza kuvuta hewa.

Tena, doa uliloliona uani lilitoka wakati mota imezimwa na presha haipo. Mota ikiwaka na volani ikikatwa, tundu lilelile linatoa mafuta zaidi. Doa dogo la usiku linaweza kuwa mfereji wa mchana.

KWA NINI MOTOKARI INADANGANYA

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mafuta yakiisha, volani haifunguki na kubaki mikononi mwako. Chuma bado kinaunganisha volani na magurudumu. Motokari inaendelea kukata, lakini kwa uzito. Na uzito huo hausikiki sawasawa kila mahali.

Mahali palipo sawa, ukienda mbio kidogo, magurudumu yanageuka kwa urahisi, wala husikii kitu. Unafurahi na kusema fundi alikutisha bure. Lakini ukipunguza mwendo ili ukate kona kali, ukiingia shimoni, au ukitaka kumkwepa mtu, uzito wote unakuja mara moja. Kwa kamio iliyobeba mzigo, hata mtu mwenye nguvu anaweza kushindwa kukata kwa wakati unaofaa. Ndiyo kusema: motokari hii inakuficha ubaya wake mahali pasipo na hatari, na inakuonyesha mahali penye watu.

Kuna mambo mengine matatu ya kujua.

Kwanza, pompa isiyo na mafuta inajiharibu yenyewe, kwa sababu mafuta hayo ndiyo yanayoilainisha. Tiyo ni kitu kidogo kununua. Pompa ni kitu kikubwa.

Pili, mafuta yakirukia mkanda, mkanda unateleza. Pompa ikishikamana, mkanda unaweza kukatika. Katika motokari nyingine mkanda huohuo unazungusha pia pompa ya maji na dinamo. Na katika baadhi ya motokari za mazuti, pompa ndogo inayosaidia freni imefungwa nyuma ya dinamo. Basi ugonjwa wa direksio umeleta ugonjwa wa joto, na ugonjwa wa freni juu yake.

Tatu, mafuta haya yanawaka. Yakidondokea bomba la moshi lililo moto sana, yanatoa moshi, na yanaweza kushika moto chini ya kapo.

ALAMA ZA KUTAMBUA

Motokari haigonjwi bila kusema. Sikiliza na utazame.

1. Volani inakuwa nzito, hasa asubuhi au wakati wa kuegesha. Au inakuwa nzito, nyepesi, nzito tena.

2. Unapokata, pompa inalia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Hiyo ni hewa iliyoingia ndani ya mafuta.

3. Ndani ya kopo mafuta yana povu, au yamebadilika na kuwa meusi na kunuka kuungua.

4. Kopo linashuka. Mafuta ya direksio hayaliwi na mota. Yakipungua, yametoka nje. Hakuna jibu lingine.

5. Chini kuna doa. Weka kartoni safi chini ya mota usiku, na asubuhi uisome. Mekundu au ya kahawia na mepesi: mara nyingi ni ya direksio au ya sanduku la gia la otomatiki. Meusi na mazito: ni ya mota. Maji ya rangi ya majani au ya waridi: ni ya radiatori. Kama rangi ya asali nyepesi, karibu na gurudumu: fikiri freni, na motokari hiyo isitoke hata kidogo.

MKONO USITAFUTE TUNDU

Ndugu fundi, na wewe shofere unayependa kujitengenezea, hapa tunasema kwa nguvu. Mota ikiwaka, usipitishe kamwe mkono juu ya tiyo ili kusikia mahali mafuta yanapotoka. Tundu dogo kama ncha ya sindano linatoa uzi wa mafuta usioonekana kwa macho, na uzi huo unapenya ngozi, hata glavu.

Mara ya kwanza utaona alama ndogo tu, kama umechomwa na mwiba, na maumivu kidogo. Usidanganyike. Ndani ya nyama mafuta yanasambaa na kuua sehemu za mkono. Baada ya saa chache mkono unavimba na kuwa mweusi. Mtu anaweza kupoteza kidole, hata mkono mzima.

Jambo hili likitokea, usikamue, usikande, usitie maji ya moto. Vua pete na saa. Inua mkono juu. Nenda upesi kwenye hospitali iliyo na daktari wa kupasua, hata kama hausikii maumivu. Mwambie wazi: "Mafuta ya presha kubwa yameingia ndani ya mkono," na umtajie ni mafuta gani. Usiseme tu kwamba umejichoma, kwa maana utapewa dawa ya kidonda na kurudishwa nyumbani.

Ili kutafuta tundu, zima mota, ngoja ipoe, pangusa tiyo zote kwa kitambaa kikavu. Washa mota, mwenzako akate volani polepole, nawe utazame kwa taa ukiwa mbali kidogo. Ukihitaji, shika kipande cha kartoni chenye mpini mrefu: kartoni italowa badala ya mkono wako.

MAFUTA GANI?

Tazama kifuniko cha kopo au kitabu cha motokari. Nyingi zinatumia mafuta mekundu yaleyale ya gia za otomatiki. Nyingine zinadai mafuta ya namna yake, na ukichanganya unaharibu mipira ya ndani.

Usitie kamwe mafuta ya freni kwenye direksio, wala mafuta ya direksio kwenye freni. Kosa la pili ni baya kupita yote: mipira ya freni inavimba, na freni zinakukataa mteremkoni. Makopo mawili yako karibu chini ya kapo moja. Soma kwanza, mimina baadaye.

Na ujue kwamba kumimina si kutengeneza. Anayeongeza chupa kila juma analipa bei ya tiyo mara nyingi, na tiyo bado hana.

LIKIKUPATA NJIANI

Tuseme umepita Mboko, unaelekea Lusenda. Ghafula volani imekuwa nzito. Fanya hivi:

1. Shika volani kwa mikono miwili, mmoja kila upande. Usiogope: inakata bado, lakini inataka nguvu.

2. Usizime mota motokari ikitembea. Utapoteza pia msaada wa freni, na ukichomoa ufunguo volani inaweza kujifunga kabisa.

3. Ondoa mguu kwenye gesi, shusha gia, kanyaga freni taratibu. Piga honi, washa taa za hatari.

4. Kata wakati magurudumu yangali yanazunguka. Ukisimama kabisa, volani inakuwa nzito zaidi.

5. Tafuta mahali pa sawa, nje ya njia. Usisimame juu ya daraja, wala katikati ya soko. Ni afadhali usimame mbele ya nyumba za kwanza kuliko kujaribu kuvuka kijiji chote.

6. Zima mota. Vuta freni ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, weka alama njiani mbali na motokari, mbele na nyuma.

7. Fungua kapo wakati mota imepoa. Tumia tochi, wala si kibiriti wala sigara.

Sasa tazama. Kama mafuta yanatoka kama mfereji, au mkanda umekatika, safari imekwisha. Tuma habari, ngoja kuvutwa. Kama ni tone, na unayo mafuta yanayofaa, ongeza mpaka alama, usogee polepole mpaka garaji ya karibu, bila abiria na bila mzigo ikiwezekana, ukisimama mara kwa mara kutazama kopo. Garaji ya karibu ndiyo mwisho wa safari hiyo. Misisi itangoja.

Na siku zote, motokari nzima au mbovu: usikate volani wakati motokari imesimama kama hakuna lazima, na usiishikilie mwisho kabisa wa kona kwa zaidi ya nukta chache. Hapo presha inapanda mpaka kikomo, na hapo ndipo tiyo dhaifu inapopasuka.

KWA WALE WA NYUMBANI

Mama, na ninyi watoto wakubwa, ukurasa huu ni wenu pia. Motokari ikilala uani, ninyi ndio mnaofagia asubuhi. Mkiona doa, msilifunike kwa mchanga. Mwiteni baba alione kabla hajaondoka.

Angalieni pia chupa. Mafuta haya ni mekundu. Katika nchi ya Fizi, tunakopika kwa mawese, chupa yenye mafuta mekundu jikoni haimshangazi mtu. Mtoto naye anaweza kudhani ni siro. Kwa hiyo mafuta ya motokari yasitiwe kamwe ndani ya chupa ya kinywaji au ya mafuta ya kula. Yakae ndani ya kopo lake, lenye jina lake, mbali na jiko na juu ya kimo cha mtoto. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, kwa maana mafuta yanaweza kuingia katika mapafu. Mpelekeni upesi kwenye kituo cha afya, pamoja na chupa yenyewe.

Mafuta machafu yasimwagwe mtoni wala ziwani. Maji hayo ndiyo tunayochota, na samaki hao ndio tunaokula.

Neno moja tena. Motokari ikianguka karibu na nyumba zenu, msikimbilie kutazama wala kuchota kinachomwagika. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kaskazini ya Uvira, kamio ya mafuta ilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 200, wengi wao wakiwa watu wa hapohapo kijijini. Hatusemi kwamba ajali ile ilitokana na direksio. Tunasema kwamba motokari ikianguka kati ya watu, shofere si yeye peke yake anayelipa.

KUSEMA SI AIBU

Mwisho, tuseme lililo gumu. Shofere wengi wanajua kwamba motokari inavuja. Wananyamaza kwa sababu wanaogopa kuambiwa kwamba wanakimbia kazi, au kwa sababu mzigo unangojwa. Ndugu, andika ubovu huo katika daftari ya motokari, taja siku na saa, mwonyeshe shefu wa garaji kwa kidole. Nawe shefu, ukionyeshwa, usijibu: "Ongeza mafuta, uende." Neno hilo litakurudia. Anayesimamisha motokari mbovu hakimbii kazi. Anailinda, pamoja na wenzake waliokaa nyuma juu ya mzigo, na pamoja na mtoto wa Lusenda ambaye hatajua kamwe jina lake.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Tone 1 kila nukta linatoa mafuta kiasi gani kwa saa moja?
2. Kwa nini volani isiyo na mafuta haisikiki nzito mahali palipo sawa?
3. Kwa nini hatuzimi mota motokari ikitembea?
4. Mafuta ya presha yakipenya mkono, tunafanya nini, na tunamwambia daktari nini?
5. Leo jioni, nani nyumbani mwako ataweka kartoni chini ya motokari?

Swali la tano halijibiwi kwa mdomo. Safari njema, na urudi salama.